Mkono Uliobaki Begani

Habari ya kifo chake niliipata sokoni, nikichagua maharagwe, kutoka kwa muuzaji aliyedhani najua tayari. "Ule wa ndege amekufa," alisema. Hakumwita mpiga picha, ingawa picha za harusi na za vitambulisho ndizo zilizomlisha. Hapa Bunia alikuwa mtu wa ndege, na wengi wetu tulimcheka. Mji una mambo mengi ya kupiga picha. Yeye asubuhi alikwenda kulala kifudifudi kwenye majani, akingojea mdiria, yule ndege mla samaki, atue.

Tulizoeana kwa ubishi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nina maswali, na studio yake ilikuwa na kiti cha ziada. Siku moja nilimkuta akitengeneza picha kwenye kompyuta. Mdiria wa buluu ametua juu ya kamba ya nguo, na nyuma yake kuna blauzi nyekundu na turubai za watu waliokimbia vita. Alipunguza mwanga wa turubai, akafifisha ile nyekundu, akalainisha kila kitu cha nyuma hadi ndege akabaki peke yake mbele ya macho. Nikamwambia anawaficha wakimbizi.

"Nimefuta nini? Onyesha."

"Haukufuta, yaya," nilisema, nikimwita kaka kama kawaida yetu. "Umezima."

"Mudogo, jicho inakimbiliaka rangi nyekundu. Ndege itaonekana na nani?"

"Na mwenye blauzi, ataonekana na nani?"

Akacheka. "Ule nilimupiga picha yake mwenyewe, akaibeba. Weye ulimupa nini, kupita maswali?"

Sikukubali, na hadi leo sijakubali kabisa. Anayeamua jicho lianzie wapi ana mamlaka makubwa, na sisi mamlaka hayo tunayajua: redioni, kanisani, ofisini, kuna watu wanaomulikwa na wengine wanaogeuzwa ukungu nyuma yao. Lakini alikuwa na sharti moja ambalo sikuwahi kumwona akilivunja. Alipunguza, hakufuta. Tawi likipita mbele ya bawa aliliacha, kwa sababu ukiliondoa itakubidi ubuni bawa ambalo hukuliona, na huyo, alisema, si ndege tena.

Sharti hilo lilinirudia kabla ya mazishi. Kwetu matanga hayakamiliki bila picha kubwa ya marehemu pale mbele, na mtu huyu aliyepiga picha za mji mzima alikuwa na picha yake moja tu ya maana. Alisimama na mdogo wake, na mdogo amemshika bega. Ndugu hao walikuwa wameacha kusemezana tangu ugomvi wa ng'ombe wa baba yao. Mjane aliniletea picha hiyo kwa sababu nilizoea kompyuta ya mumewe.

"Huyu umutoe," alisema, akimfunika shemeji yake kwa kidole. "Asikuje kutuchekea mbele ya watu."

Nikaanza. Sura ilitoka kirahisi. Mkono haukutoka, kwani chini yake hapakuwa na koti la marehemu, palikuwa na pengo ambalo ningelazimika kulijaza kwa kubuni. Nikarudisha kila kitu, nikamtia mdogo mtu giza hadi akawa kivuli, nikamulika uso wa marehemu, nikauacha mkono.

"Nilikuambia umutoe."

"Mama, nikitoa mukono, nitatengenezea papa, bwana yako, bega ingine."

"Yeye mwenyewe angekataa," alisema, bila kufurahi. "Basi, chapisha."

Mdogo mtu alifika kutoka Mongbwalu akiwa bado na vumbi la barabara. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye picha, akainama kama anayesoma maandishi madogo, akaigusa.

"Mukono hii ni yangu."

Wanawake waliacha kuimba. Mjane hakuinuka.

"Ni yako," alisema. "Kamata kiti, ikala."

Sijui kama ndugu hao wangepatana marehemu angekuwa hai. Siamini kwamba picha inaponya ukoo, na bado kila picha iliyo safi mno inanitia wasiwasi. Ila nimeona kwamba aliyefifishwa anaweza kuja akajitambua na kudai nafasi yake, na aliyefutwa hana pa kuweka kidole. Kwa hiyo sasa, kila ninapoandika habari za mtu, hata za huyu, natafuta kwanza ni mkono wa nani niliokaribia kuuondoa begani mwake.