Mlango wa Nyuma wa Gari la Deraya

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi hapa Nyeri, mlima ukiwa umejifunika mawingu, nami msichana wa sekondari mwenye kichwa kigumu. Mezani palikuwa na gari langu la deraya, dogo kiasi cha kukaa kiganjani. Nilikuwa nimelipata likiwa vipande vya plastiki ndani ya boksi, kwenye rundo la mitumba Karatina: gari la vita vya kubuni, vya sayari ambazo hakuna aliyezikanyaga. Rafiki yangu Muthoni alikuwa na lake. Alasiri tungeyapanga kwenye meza ya ukumbi wa kanisa, tupigane kwa dadu hadi mmoja asalimu amri.

Nililiunganisha wiki nzima, mwanangu. Gundi, kisu, rangi ya kijani. Lilikuwa zuri, na nilijua ni zuri.

Baba akaingia na kikombe chake cha chai. Alikuwa dereva wa magari kama hayo jeshini, ya kweli, kule kaskazini, lakini tangu astaafu hakuyazungumzia hata siku moja. Nasi tulijifunza kutouliza. Akaligeuza gari langu, akagusa mlango wa nyuma kwa ukucha.

"Hii mlango haifunguki?"

"Nimeibandika na gundi, Baba. Inakaa poa hivyo."

"Fungua, Maitu."

Aliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Siku hiyo aliniita hivyo kama mtu anayeomba. Lakini rangi ilikuwa imekauka na Muthoni ananingoja, nikamjibu, "Ni toy tu, Baba! Ndani hakuna mtu."

Akaweka kikombe chini, akatoka, akaenda kusimama kwenye mibuni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikuwa nimemfundisha baba yangu habari za kitanda chake mwenyewe.

Kwanza nilikasirika, sikufichi. Kisha nikaitazama ile chai ikipoa. Baba hakuwahi kuacha chai. Nikachukua kisu, nikaukata mlango; ukatoka na rangi yake, ukaacha alama mbaya. Nikampelekea, nikamwuliza kwa woga, "Baba, ndani kulikuwa na nani?"

Akaketi pale pale chini ya mibuni. Akanisimulia juu ya Njoroge, rafiki yake aliyekaa nyuma, mto mkavu uliojaa maji ghafla, gari lililopinduka, mlango ulioshikwa na matope. Baba alikuwa nje, akauvuta hadi kucha zikang'oka.

"Alikuwa anagonga," akasema. "Halafu akawacha. Hata maitu mwenyewe, aliyenizaa, sikumwambia. Nimekuambia wewe."

Akalia. Nami nikalia. Mchezoni sikwenda, na Muthoni alinisamehe.

Jana nilikusikia ukimwambia baba yako, "Wacha, huelewi hii game." Labda kweli haelewi. Lakini mwanangu, mzee akikwama kwenye jambo ambalo machoni pako ni dogo, usikimbilie kumjibu. Mwulize. Kuuliza si ujinga, na kuna watu wanaongoja miaka waulizwe mara moja. Na chai yake ikipoa, mfuate alikokwenda.

Mungu akupe masikio mepesi kuliko ulimi wako. Mikono yako iunde vitu vizuri. Na siku utakapogonga wewe, awepo wa kukufungulia.