Mizani ya Tumbaku na Ndege Kongwe

Mke wangu alivunjika paja akitoka kisimani, msimu wa mvua, hapa kwetu Inyonga. Msimu ule barabara ya kwenda Mpanda ilikuwa imeliwa na maji sehemu mbili, basi haliji wala haliondoki. Daktari wa kituo cha afya akamfunga vibao, akaniambia, mzee, huyu anatakiwa apasuliwe Mpanda, tena mapema, la sivyo mguu utakuwa mfupi. Mimi shule niliishia darasa la tatu kwa sababu ya ng'ombe wa baba, lakini hilo nililielewa bila kurudiwa.

Bahati nzuri kulikuwa na rubani mmoja amelala mji wetu siku mbili. Alikuwa amewaleta watu wa kuhesabu wanyama porini, anarudi Mpanda mtupu. Nikamfuata. Mtu wa makamo, mpole, ana kitambi kidogo, na ndege yake ni ndogo, ya zamani sana, yeye mwenyewe alisema imemzidi umri. Akakubali kutuchukua bure. Akaweka sharti moja tu: lazima tupimwe uzito, sisi na kila tutakachobeba.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ndiye anatunza ghala la tumbaku lililo jirani na kiwanja cha ndege. Shemeji ana mdomo. Akamwambia rubani, "Kaka, si umesema ndege umeifungia injini mpya kubwa? Na matairi yale mapana? Sasa unaogopa nini kabibi kamoja na kazee kake?"

Rubani akacheka. "Kaka, wewe una roli?"

"Sina, ila nimepanda mengi."

"Roli likiongezwa springi, likifika kwenye mizani ya barabarani, wanaangalia springi au wanaangalia kadi?"

"Wanaangalia kadi."

"Basi na ndege ni hivyo hivyo. Kadi yake inasema mwisho wa uzito ni huu, tangu ilipotengenezwa. Injini nimebadilisha, kadi haijabadilika. Tena injini kubwa ni nzito, matairi nayo mazito, kwa hiyo ndege yenyewe imekula sehemu ya abiria. Zamani ningebeba zaidi ya leo."

Jambo hilo lilinishangaza, na mpaka leo linanishangaza. Unaongeza nguvu, unapunguza mzigo. Nilifuga nyuki miaka mingi, na najua mzinga ukiupaka udongo mwingi ili uwe imara unashindwa kuupandisha mtini, sasa sijui kama ni kitu kimoja. Tuendelee.

Akapiga hesabu kwenye karatasi. Ukitoa ndege, mafuta, na yeye na kitambi chake, tulikuwa tumebakiwa na kilo mia na arobaini. Tukaenda kwenye mizani ya ghala, ile ya kukanyaga, wanayopimia marobota ya tumbaku. Mke wangu tulimpima amekaa kwenye kiti, halafu tukapima kiti peke yake tukatoa. Kilo hamsini na nane. Mimi sabini na moja. Mzigo wetu, yaani unga, sufuria na kindoo cha asali, kumi. Huwezi kumuuguza mtu Mpanda bila chakula, utamlisha nini? Jumla mia na thelathini na tisa. Kilo moja imebaki! Shemeji akapiga makofi. Watu wanne wakambeba dada yake mpaka kwenye ndege, nami nikaingia, nikafungwa mkanda.

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho.

Sabini na moja? Mwaka uleule kliniki walinipima nikawa sabini na tisa, na sikuwa nimekonda, suruali yangu ni ileile. Nikakumbuka kitu ambacho mkulima yeyote wa tumbaku Inyonga anakijua: mizani ile inapunja. Springi zake zimechoka. Sisi tumeizoea, ukipeleka robota unajua moyoni kwamba itasoma pungufu, unanung'unika, unakwenda zako. Tumeizoea mpaka wote tuliokuwepo pale, wakulima watupu, hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni.

Nikamtazama shemeji kupitia dirishani. Na yeye alikuwa amekumbuka, nikamwona machoni. Akatingisha kichwa polepole: nyamaza.

Nitasema ukweli, nilinyamaza. Rubani alizunguka ndege yote, akagusa mbawa, akagusa matairi, mimi kimya. Nikisema, nitashushwa, na mke wangu atakwenda kupasuliwa peke yake, hajui mtu kule. Nisiposema, mbele yetu kuna miti.

Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, mbona unalowa hivyo? Mimi ndiye niliyevunjika."

Basi nikaita. "Rubani! Mizani ile ni mwongo."

Hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi. Akarudi ghalani, akaomba mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, wa kilo hamsini, akauweka juu. Ikasoma arobaini na tano. Akapiga hesabu upya, akarudi.

"Mzee, mmezidi kilo kumi na nne na nusu."

"Nishuke?"

"Subiri. Toa mzigo wote kwanza."

Unga ukashuka, sufuria ikashuka, asali ikashuka. Bado kilo tatu na kitu. Akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa gambuti za shambani, na koti zito la zamani lililonyonya mvua tangu asubuhi, na mkanda wenye kisu na simu ya tochi. Vyote vikaenda ghalani kupimwa, akavifanyia hesabu. Kilo nne.

"Kaa," akasema. "Sasa tunaenda."

Shemeji akapiga kelele, "Shemeji, na hayo meno yaliyobaki yaache!"

Ndege ilikimbia kwenye matope, ikakimbia, mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, miti ilikuwa chini yetu, si mbali, lakini chini. Nikapumua kama mtu aliyetua gunia kichwani. Nilikuwa nimeshika mkono wa mke wangu kwa nguvu mpaka akaniambia niuache kabla haujavunjika nao.

Mpanda nilishuka pekupeku, nimevaa fulana, watu wakanitazama. Mke wangu alipasuliwa kesho yake, na mguu uko sawa na mwenzake. Wauguzaji wa vitanda vya jirani ndio waliotulisha siku mbili za kwanza.

Siku alipoanza kukaa aliniuliza, "Ulikuwa unataka kunyamaza, sivyo?"

"Nilinyamaza kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Rubani alipozunguka ndege."

Akanifinya paja, lile langu zima, akaomba maji ya kunywa.