Dola Mbili ya Flamingo Iliyobaki Kwenye Droo

Admin, naomba ufiche jina langu. Naandika kutoka saiba, duka la intaneti, hapa Bungoma, na nikichelewa kidogo muda wangu utaisha.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa. Nyumba yangu iko Matisi, Kitale, lakini nafanya kazi Bungoma kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja Mhindi. Narudi kwa familia kila Jumamosi. Nina mke na binti mmoja, nimwite Nekesa. Sinywi, sivuti, sina mpango wa kando. Starehe yangu ilikuwa moja tu, kukusanya sarafu za zamani.

Mzee wa duka ndiye aliyenianzisha. Alitoka kumtembelea mwanawe ng'ambo akaniletea dola moja ya Bahamas, vile visiwa vya karibu na Marekani. Ni ya wakati walipoacha pauni wakaanza kutumia dola, na imetengenezwa kwa madini ya fedha yenyewe. Upande mmoja kuna malkia, upande wa pili kombe la baharini. Niliipenda, jamani. Nikaanza kuagiza nyingine kupitia kwa huyo mwanawe, polepole, huku nikijinyima nyama na soda. Nikapata senti hamsini yenye samaki wa mdomo mrefu, nikapata sarafu ya dola tano, na mwisho sarafu ya dola mbili yenye ndege wawili aina ya flamingo. Jumamosi nikifika nyumbani nilizimwaga kutoka kwenye mkebe wake juu ya kitambaa nikazishika moja moja, na uchovu wa wiki ukaisha.

Mwaka huu Nekesa aliugua. Homa, kikohozi, akakonda. Tulimpeleka hospitali akapewa dawa, kisha mimi nikarudi kazini. Huku nyuma kina mama wa kanisa walikuja kumwombea, na mmoja akasema anaona kitu cha baharini kinamkaba mtoto. Mke wangu akaenda moja kwa moja kwenye mkebe wangu.

Niliporudi nilikuta mkebe umetiwa sukari.

"Sarafu zangu ziko wapi?" nikauliza.

"Baba Nekesa, usikasirike. Tuliziombea, tukatupa kwa choo. Ati unaweka vitu ya majini kwa nyumba iko na mtoto, na hata chumvi haiwezi nunua?"

"Hizo ni pesa za nchi za watu tu, mama."

"Si uangalie mtoto mwenyewe!"

Nikamwangalia. Nekesa alikuwa anakula ugali, anacheka. Nilisema ni dawa za hospitali zimefanya kazi, lakini hakuna aliyenisikiliza. Niliumia sana. Lakini utagombana vipi na mama ambaye mtoto wake amepona? Siku hizi kina mama wa ploti tunayopanga wakiniona napita wanaacha kuongea.

Sasa shida iko hapa. Siku waliyotupa, ile dola mbili haikuwa kwenye mkebe. Nilikuwa nimeibeba kuja kumwonyesha mzee. Mpaka leo iko kwenye droo yangu dukani, na mke wangu hajui.

Wiki iliyopita Nekesa alianza kukohoa tena. Tumerudi hospitali, amepewa dawa nyingine. Mke wangu hakunipigia kelele. Alikaa kando yangu akasema, "Mimi sitaki vita, Baba Nekesa. Niambie tu kama kuna ingine yenye ilibaki." Nikamjibu nimechoka, tutaongea.

Na nimechoka kweli. Nikiitoa, nimekubali mbele ya watu wote kwamba mimi ndiye niliyekuwa namuumiza mtoto wangu. Nisipoitoa, halafu azidiwe, nitamwambia nini mama yake?

Jana nilifungua ile droo nichukue kalamu. Sarafu ilikuwa hapo juu ya kalamu, na mkono wangu ukakataa kuigusa. Mimi, ambaye siamini hayo mambo hata kidogo.

Ndugu zangu wenye watoto, nishaurini. Niitupe, au nibaki nayo?