Leseni ya Xavérine na Fanta ya Bigirimana

Ukimwalika Xavérine harusini, usishangae akianza kwa kulikagua turubai. Ataitazama kamba iliyolegea, ataupima kwa macho mguu wa kiti cha bwana harusi, kisha atamnong'oneza jirani yake kwamba keki ile imeegemea upande, na kwamba ikianguka lawama ni ya aliyepanga meza, si ya mwokaji. Ndivyo alivyo. Kazi yake ni kukadiria hasara kwa kampuni ya bima: gari likigongwa, duka likiungua, ukuta ukilala kwa mvua, yeye ndiye anayetumwa kwenda kuona kilichoharibika, kimeharibiwa na nini, na kama mkataba unaruhusu mwenyewe alipwe. Kazi imemwingia machoni. Majirani zake wa Kabeza wakimwona anakuja kuwasalimu, huzificha sufuria zilizobonyea.

Alizaliwa Bujumbura, kwa wazazi waliokuwa wameikimbia Rwanda. Shule alisoma kwa Kifaransa, Kiswahili akakiokota mtaani Buyenzi, na miaka ya tisini aliporudi Kigali, cheti alichokuwa nacho kilikuwa cha ukatibu. Kampuni ilimwajiri apige taipu ripoti za wenzake. Siku moja mkadiriaji mmoja aliugua, wakamtuma yeye, na tangu siku hiyo mashine ya taipu haikumwona tena.

Njia yake ya kazi ilikuwa moja tu. Aliingia kwa mtu aliyepata hasara kama mtu anayeingia msibani: mkononi kilo ya sukari kwenye mfuko wa karatasi, mdomoni "ihangane", ambayo ndiyo pole ya kwao. Alikaa. Alikunywa alichopewa. Ndipo alipofungua mkoba na kuanza maswali. Wenzake walimcheka kwamba ni mkadiriaji wa pekee anayewalipa wateja kabla ya kampuni kuamua. Hakuwajali. Mwaka aliorudi nchini alizikuta nyumba zenye hasara ambayo hakuna bima wala mkadiriaji angeiweza, na alichoona watu wakifanya ni kwenda na kukaa pamoja na aliyebaki. Nyumba yenye hasara, hakujifunza kuiingia kwa namna nyingine.

Kisha ikaja kanuni mpya. Kila mkadiriaji apitie mafunzo, afanye mtihani wa maandishi na wa vitendo, apate leseni. Asiye na leseni hasaini ripoti, na mkadiriaji asiyesaini ni mpita njia aliyesimama kushangaa ajali. Xavérine alikwenda kwa mkubwa wake kuuliza uzoefu wake wote aupeleke wapi.

"Uchukue, uende nao darasani," mkubwa akamjibu.

Huko darasani, mwalimu alikuwa nani? Arnaud. Arnaud yule yule aliyewahi kuletwa kwake kujifunza kazi, naye Xavérine akamfundisha hata namna ya kuchungulia chini ya gari bila kuchafua tai. Sasa alikuwa na shahada, vyeti vyenye majina marefu, na kijikalamu cha kumulika ukutani. Xavérine alikaa mstari wa mbele, miwani kwenye ncha ya pua, tayari kumkagua. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakafika kwenye somo la maadili.

"Mama Belyse, kanuni iko rahisi," alisema Arnaud, akimwita kwa jina la binti yake. "Kwa mteja haupokei kitu."

"Hata chai?"

"Hata chai, madame."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Na wewe, mwanangu, nani alikulea?"

Darasa zima likacheka. Arnaud akamulika ukuta mahali pasipo na neno lolote.

Mtihani wa maandishi ulikuwa wa Kiingereza, lugha ambayo Xavérine huisoma kwa kuikunjia uso. Binti yake Belyse alimhoji jikoni jioni baada ya jioni huku wakimenya ndizi. Swali kwa Kiingereza, jibu kwa Kifaransa, ugomvi kwa Kiswahili. Alifaulu kwa alama za kubahatisha, akazitangaza Kabeza nzima kana kwamba ameongoza.

Ukabaki mtihani wa vitendo. Huo ulifanywa kwenye dai halisi la kampuni, mtahini akiwa kando, akitazama na kuandika. Xavérine alipewa faili ya fundi cherehani wa Kabuga aitwaye Bigirimana, Mrundi mpole, ambaye nusu ya duka lake ilikuwa imeungua pamoja na majoho ya kwaya ya parokia. Mtahini alikuwa Bwana Rugamba, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka na uso ulionyooka zaidi.

Asubuhi hiyo Xavérine aliapa kutonunua sukari. Lakini aliposhuka Kabuga miguu yake, ambayo haikuhudhuria mafunzo, ilimpeleka moja kwa moja dukani kununua kilo moja. Hii ni ya kwangu nyumbani, alijiambia. Alipoingia kwa Bigirimana na kuliona paa jeusi na cherehani iliyoiva kwa moto, mfuko ukatoka mkononi mwake wenyewe. "Ihangane," akasema. Rugamba akaandika kitu.

Bigirimana aliwakalisha kwenye benchi. Kabla Xavérine hajatafuta maneno, fundi alikuwa amekuja na chupa za Fanta na kifungulio. Na wasomaji wa huku wanajua: chupa ya mgeni hufunguliwa mbele ya macho yake, aone mwenyewe kwamba hakuna mkono uliotangulia. Ikishafunguliwa, ina mwenyewe. Kuiacha ni kumwambia mwenye nyumba kwamba unamshuku. Kizibo kilidondoka sakafuni, na maji yakimwagika hayazoleki.

Xavérine aliifikiria leseni. Akaifikiria ile mashine ya taipu. Kisha akamtazama Bigirimana, amesimama katikati ya majivu yake akingoja kuona kama mgeni atakunywa, na akanywa. Kalamu ya Rugamba ilikimbia kwenye karatasi kama imeonja pilipili. Ndipo Xavérine alipogeuka kumtazama, macho ya ukadiriaji yakafanya kazi yao.

"Mzee Rugamba," alisema kwa upole, "na yako hiyo tuiandike wapi?"

Rugamba akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umeshika chupa, na chupa ilikuwa imebaki nusu. Aliitazama kama mtu aliyewekewa bila kujua.

"Aliifungua mbele yangu," alisema hatimaye.

"Na yangu pia."

Mkuki kwa nguruwe. Lakini tumpe haki yake: Rugamba hakuwa mwongo. Aliufunga mtihani palepale na kuripoti chupa zote mbili, ya mtahiniwa na ya mtahini. Mtihani ukafutwa, na wote wawili wakaamriwa kurudia somo la maadili. Kwa hiyo Arnaud, siku aliyoingia darasani, alimkuta Rugamba ameketi mstari wa mbele bega kwa bega na Xavérine, wakiazimana kalamu. Walikuwa wapole sana. Hakuna aliyeuliza kuhusu maji.

Lakini utani ulikuwa na mwisho wake. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Akishindwa tena, leseni ingemkimbia, na mkubwa wake alikwisha kuanza kuwaonyesha vijana meza iliyo karibu na dirisha, ambayo ni ya Xavérine. Umri wake si wa kuanza kazi nyingine. Aliogopa, na kwa mara ya kwanza Kabeza walimwona akipita karibu na sufuria bila kuitazama.

Alirudishwa Kabuga kwenye faili ile ile, na mtahini mpya: Kellen, binti aliyekulia Kampala, ambaye alikuja na maji yake mwenyewe kwenye chupa ya chuma. Safari hii Xavérine alifika mikono mitupu. Bigirimana aliitazama mikono hiyo. Alileta Fanta na kifungulio. Chuma kilipogusa kizibo, Xavérine akaweka kiganja juu yake.

"Usifungue."

Uso wa fundi ukabadilika. "Mama, ile siku ulikunywa. Leo nimekosa nini?"

Akakaa mbali. Kila alichoulizwa akajibu kwamba hajui. Moto ulianzia wapi? Hajui, labda umeme, si iko kwa karatasi. Xavérine aliyaona maswali yake yakianguka chini moja moja.

"Bigirimana, nisikilize," alisema. "Sijaikataa. Chupa yenye haijafunguliwa, hakuna mtu ameikataa. Iweke hapo juu. Hii faili ikifungwa, iwe vizuri, iwe vibaya, nitarudi nikae hapa niinywe."

Kellen aliinua kalamu, akasita, akapekua kanuni kwenye simu yake. Kuhusu kinywaji ambacho hakijanywewa hazikusema kitu.

Bigirimana aliipandisha chupa kwenye rafu, juu ya cherehani iliyoungua. Akarudi kukaa karibu. Kisha akaanza kusema akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama, haiko umeme. Umeme ulikuwa umeenda. Kwaya iko inangoja majoho, mi nikachukua pasi ya makaa. Nikaisahau juu ya kitambaa." Akajipangusa masizi magotini. "Na kwa mkataba nilisaini ya kwamba makaa haitaingia huku."

Xavérine alitamani kumwambia anyamaze. Alitamani awe kiziwi kwa muda huo mfupi tu. Kellen alikuwa anatazama. Xavérine akaandika.

Alifaulu, tena vizuri, na Kellen alimsifu hasa kwa namna alivyomhoji mteja. Leseni ilikuja, ikiwa na picha yake amekunja uso kana kwamba anaikagua kamera. Ripoti ya kwanza aliyoisaini kwa namba ya leseni hiyo ilikuwa ya Bigirimana: pasi, makaa, mkataba. Aliongeza aya nzima kwamba mteja amesema ukweli mwenyewe bila kusukumwa. Aya ile haikusaidia kitu. Kampuni ilikataa dai.

Belyse alipika, majirani wakaja kuishika leseni na kuigeuza huku na huku. Walimtania kwamba sasa sufuria zao zitakaguliwa kwa leseni. Alicheka kidogo, akaenda kulala mapema. Alikuwa na uchungu, na aliona aibu, ingawa hakuwa amefanya kosa lolote ambalo Arnaud angeweza kulimulika ukutani.

Angeweza kutokwenda. Hakuna kanuni iliyomtaka aende, na faili ilikwisha fungwa. Jumamosi alishuka Kabuga na kununua sukari.

Bigirimana alikuwa anashona kwa cherehani ya kuazima, chini ya bati jipya lililofunika kipande tu cha paa. Hakuinuka. Xavérine aliweka mfuko mezani, akasema "ihangane", akabaki amesimama. Fanta ilikuwa palepale juu ya rafu, imeshika vumbi.

"Umenikasirikia?"

"Sana, mama."

Alimaliza mshono wake, akakata uzi kwa meno. Akaishusha chupa, akaifuta vumbi kwa kipande cha joho kilichonusurika, akaisogeza karibu na macho ya mgeni wake. Kizibo kikadondoka.

"Kunywa kwanza," akasema. "Ukimaliza, nitakuambia vile nimekasirika."

Xavérine akakaa kwenye benchi. Fanta ilikuwa na joto, naye akainywa mpaka chini.