Matairi Yaliyolala Ghala la Mbata

Watu wakiiona gereji yangu leo hudhani nilizaliwa nimeshika spana. Sikuzaliwa na kitu. Chuo cha Kurani nilisoma nikahitimu juzuu ya Amma, shule ya serikali nilikaa mpaka darasa la pili, kisha nikatoka kwenda kuwa utingo wa lori. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii. Nalisema hilo kwanza ili mjue kwamba nikisema niliogopa, anayesema si mwoga. Nimelala porini Saadani na lori bovu, simba wakinguruma, nikaona ni kero tu. Lakini yale matairi ya Mgiriki niliyaogopa.

Fundi aliyenifundisha kazi ya matairi alikuwa mzee wa Kizaramo pale Dar es Salaam, mkali kama pilipili. Sharti lake lilikuwa moja: aliyefunga gurudumu ndiye anayepanda safari ya kwanza, tena akae upande ule ule wa gurudumu alilofunga. "Ukifunga ovyo, tangulia wewe," alikuwa akisema. Nilipofungua kibanda changu Bagamoyo nililihamisha sharti hilo likawa langu. Nikajitapa nalo. Kila mwenye gari aliyekuja nilimwambia, mimi sifungi tairi nisiloweza kulipanda. Maneno hayo yalinipa wateja. Ndiyo pia yaliyonitia kitanzini.

Miaka michache baada ya vita ya pili, Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Ubena alinunua gari la mashindano. Lilikuwa fupi na la chini, ukikaa ndani ukanyoosha mkono unaigusa ardhi. Halikuwa na paa. Viti viwili tu, na mbele boneti ndefu. Likiwashwa, kuku wa mtaa mzima walikimbilia uvunguni. Wazungu wenziwe nao walikuwa na magari ya namna hiyo, na walikuwa na mahali pao pa kushindania: uwanja mdogo wa ndege uliotiwa lami wakati wa vita kisha ukaachwa, katikati ya mkonge. Walikuwa wakizunguka hapo kama ng'ombe wa kinu, ila kwa mwendo wa risasi.

Bwana yule alikuwa mteja wangu wa malori, na mtu mwema kwa namna yake. Akaagiza matairi manne ya mashindano kutoka Ulaya. Yalipofika masika yalikuwa yameanza, na kwa kuogopa wezi akaagiza yawekwe katika ghala la mbata, zile nazi kavu za kukamulia mafuta, la rafiki yake hapo Bagamoyo, lenye kufuli kubwa kama ngumi. Yakakaa humo mpaka mvua zilipokwisha. Kisha akaja na gari lake, akaniambia:

"Fundi, Jumapili ya wiki ijayo nashindana. Chagua tairi za kufunga. Na wewe unakaa na mimi ndani. Si ndiyo sharti lako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alihitaji mtu wa kukaa kushoto, gari lisinyanyuke kwenye kona. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya uzito wangu.

Matairi yakaletwa. Niliyalaza chini, nikainama kuyanusa, maana tairi jipya lina harufu yake, kali, ya kuchoma pua. Haya yalinuka nazi. Hilo halikunishtua sana, ghala la mbata kila kitu hunuka nazi, hata makarani. Nikayabonyeza kwa dole gumba. Mawili yalibonyea kidogo, yakarudi. Mawili mengine yalibonyea, na alama ya kidole ikabaki, kama umebonyeza unga uliokandwa.

"Bwana, haya mawili yamelainika."

"Tairi ya mashindano ni laini, Fundi. Ndiyo inashika lami. Ngumu inateleza."

Na hapo ndipo hofu ilipoanza, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tairi laini hushika, hata mimi nalijua. Lakini laini kiasi gani? Matairi ya lori niliyajua kama vidole vyangu. Ya mashindano sijapata kuyagusa maishani. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, Bagamoyo wala Dar es Salaam. Huenda ndivyo yalivyotengenezwa. Huenda mafuta ya nazi yameyala. Mpira na mafuta haviivani, kila fundi anajua. Mpira ukilala ndani ya mafuta huvimba, hulegea, mwisho ngozi yake huachana na nyuzi za ndani. Na mimi nitakuwa nimekaa juu yake, bila paa.

Mpakuzi wa ghala lile alikuwa Mnyamwezi, mtani wangu. Asiyejua utani wetu sisi watu wa pwani na Wanyamwezi asidhani ni mchezo mdogo. Mtani anaweza kukuvua kofia msikitini, akaingia jikoni akala chakula chako, na siku ya maziko yako akalala kaburini asitoke mpaka apewe chake. Huyu alipopata habari ya mashindano alikuja nyumbani siku hiyo hiyo.

"Mtani! Ile kanzu yako ya Idi niandikie mimi, watoto wako wataichafua."

"Potelea mbali."

"Na kitanda. Mjane nitamfikiria."

Mke wangu aliyekuwa akipepeta mchele akamrushia pumba. Kicheko kikajaa ua. Mimi nilimvuta kando, nikamuuliza yale matairi aliyalaza wapi.

"Ndani ya mafuta, mtani. Kama maandazi."

Akapasuka kwa kicheko. Sasa nambie, ufanye nini na jibu hilo? Akisema ndiyo, ni utani. Akisema siyo, ni utani. Hiyo ndiyo haki yake, kunitisha kwa kifo changu. Akiapa, ataapa kwa utani vile vile. Nilikuwa na shahidi mmoja tu duniani, na shahidi huyo tangu tujuane hajapata kuniambia neno moja la kweli.

Nilikaa siku kadhaa sili vizuri. Niliyaanika matairi juani nikayatazama, nikaona yale mawili yanang'aa kidogo kuliko wenziwe, nikajiambia ni mafuta, kisha nikajiambia ni jua tu. Kila lori lililopita barabarani niliyasikiliza magurudumu yake.

Mke wangu akanambia, "Usipande."

"Nitasemwa."

"Heri usemwe u hai."

Alikuwa na haki, lakini mji mzima ulijua sharti langu. Mtu aliyepanda kutoka utingo mpaka kuwa fundi hana baba wa kumwegemea, hana cheti cha kumwonyesha mtu. Ana neno lake basi. Likianguka, na yeye anarudi nyuma ya lori kushika turubai.

Mwishowe nikaenda mwenyewe ghalani. Nikamkuta mtani kaketi juu ya gunia. Kabla hajafungua kinywa nikamwambia, "Leo nimekuja kuomba. Niambie bila utani. Mimi ndiye nitakayekaa juu yake."

"Mtani hana neno la bila utani," akasema. Alitaka kucheka, nikaona mdomo umekwenda, kisha ukarudi. Akainuka. Akanishika mkono, na hajapata kunishika mkono bila kunifinya, akanipeleka pembeni mwa ghala. Sakafu pale ilikuwa nyeusi, imelowa, unakanyaga kiatu kinanata. Mafuta yote ya mbata yaliyochuruzika tangu enzi za Mjerumani yalikuwa yametuama pale.

"Mawili chini, mawili juu yake," akasema. "Masika yote."

"Na ulipokuja nyumbani kucheka?"

Akatazama chini. Utani wake wote haukunitisha kama nilivyotishika kumwona hacheki.

Basi nikachagua. Yale mawili yaliyolala chini niliyatenga. Yakabaki mawili mazuri ya mashindano, na yale ya zamani ya gari, ya barabarani, yenye meno, moja lina kiraka. Mawili na mawili. Swali ni yapi mbele na yapi nyuma. Nilikaa chini nikajiuliza waziwazi: nikifa, nife vipi? Gari likikosa mshiko nyuma, litazunguka kama pia ya watoto. Likikosa mbele, usukani ni bure, litakwenda moja kwa moja lilikoelekea, na pale kwenye kona, nilijua, manamba, wale vibarua wa mkonge, walikuwa wakisimama kutazama, pamoja na wake zao. Nikafunga mapya mbele. Ya zamani nyuma.

Bwana alipoona uso ulimwiva.

"Nini hii? Kiatu mguu huu, mtalawanda mguu huu? Watanicheka!"

"Wacha wacheke, Bwana. Yale mawili yameliwa na mafuta."

"Nani kasema?"

Nikaona aibu kumwambia kwamba shahidi wangu ni mtani. "Mimi nimesema. Ukifunga yale, tafuta mwingine wa kukaa kushoto."

Akanitazama, akayatazama matairi. Akatukana kwa Kigiriki, kisha akakubali. Hakuwa na mwingine wa uzito wangu.

Jumapili ikafika. Sitaki kupamba. Nilisoma sura ninazozijua, nikakaa, nikashika chuma kilichokuwa mbele yangu kwa mikono miwili. Yalikuwa magari machache, yamejipanga, yanatoa moshi. Tukaondoka. Upepo ulinizuia pumzi, machozi yakanitoka, na wanaosema yalikuwa ya upepo wasemee yao. Kwenye kila kona nilimwegemea Bwana kama alivyoniagiza, nikaisikia lami chini yangu inalia. Mbele palishika. Nyuma palikuwa panateleza kidogo, panashika, panateleza. Mimi nilikuwa nikiyasikiliza yale magurudumu ya nyuma kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akipumua. Tulizunguka, tukazunguka. Bwana akaanza kuimba. Nikamchukia.

Kisha nikasikia kofi. Kofi moja kubwa, nyuma yangu, kushoto. Tairi la kiraka. Kumbe si mafuta tu yanayolegeza ngozi ya tairi. Moto nao hulegeza, na mimi, fundi wa malori, sijapata kuona tairi likikimbizwa hivyo likapata moto kiasi hicho. Ngozi yake nzima iliruka hewani kama nyoka. Gari likageuka. Niliwaona manamba, nikauona mkonge, nikawaona manamba tena. Bwana alikuwa anapigana na usukani, na usukani ulikuwa bado unaitika, namshukuru Mungu, ulikuwa unaitika. Akaukata, tukapita kando ya wale watu, nguo ya mwanamke mmoja nikaiona kwa karibu hata nikaijua rangi yake, tukaingia kwenye mkonge kinyumenyume, tukasimama.

Mwiba wa mkonge ulikuwa umeniingia begani na sikuusikia.

Tulibishana jambo hilo hadi alipouza shamba akarudi kwao. Yeye alishikilia kwamba nilichagua vibaya: tungefunga manne mapya, tungeshinda. Mimi nilimwambia nilichagua sawa: tungekosa mshiko mbele, tungewapitia watu. Hakuna aliyemshinda mwenziwe, kwa sababu yale mawili ya ghalani hayakupata kufungwa. Niliyachoma mwenyewe, na mtani akaja akaota moto.

Lakini siku ile pale mkongeni hakubishana. Aliwasha sigara, akacheka, akanipiga bega lile lenye mwiba.

"Safari ijayo, Fundi, naagiza zingine. Tutakimbia zaidi."

"Mimi sipandi tena, Bwana."

"Na sharti lako?"

"Sharti langu ni la malori."

Akaniita mwoga mbele ya watu. Mtu mwingine angenitamkia hivyo tungeshikana. Nilifungasha spana zangu kwenye gunia, nikatoka kwa miguu mpaka barabara kuu. Lori la mahindi linalokwenda Vigwaza likanisimamia. Dereva alinijua, akanikaribisha mbele, nikamwambia nitakaa juu ya magunia.

Kwa kawaida mimi sipandi gari la mtu kabla sijalizunguka na kulipiga teke kila gurudumu. Mafundi wote tuko hivyo, ni ugonjwa. Siku ile nilipandia nyuma nimefumba macho, nikajilaza kifudifudi juu ya mahindi, nikashika kamba. Sikuyatazama matairi yake. Niliogopa kuyajua.