Nilivyoyapima Maji kwa Mama Mkwe

Nichekeni sasa mmalize, maana aibu hii nimeibeba tangu mwaka jana na sijapata pa kuitua.

Mimi ni mtaalamu wa maji, maabara ya serikali hapa Nakuru (jina kubwa, lakini nikishalipa kodi ya nyumba, karo na mkopo wa sacco, wiki ya pili nakopa unga dukani). Muriithi, aliyemwoa dada wa mke wangu, tulisoma naye darasa moja, na kemia alikuwa ananakili kwangu, ila yeye alichukuliwa na shamba la maua Naivasha, na kwa kupima maji yale yale analipwa mara tatu yangu. Nilimwonea wivu, sifichi.

Basi Muriithi akamchimbia mama mkwe kisima cha pampu, chenye chujio la kuondoa floraidi, ile inayotuachia watu wa huku meno ya kahawia. Tukaalikwa kwenye maombi ya kukifungua. Mimi, kwa uwezo wangu, nilinunua mitungi miwili ya maji kwa muuzaji wa mkokoteni pale Karagita, karibu na kwa mama mkwe, nikaitanguliza na boda. Halafu, kwa roho mbaya tu, nikatia kifaa cha kupimia floraidi mfukoni.

Nilifika pasta akimsifu Muriithi ("mkwe kama huyu ni baraka"), akina mama wa kanisa wanaitikia, na mimi nakunywa sifa za mwenzangu kama dawa chungu. Nikasimama. Nikasema kama mtaalamu naomba kuyapima maji kabla hayajanywewa, nikachota kwenye jagi lililokuwa mezani, nikatia matone yangu, rangi ikabadilika vibaya, dalili ya floraidi nyingi, na moyo wangu ukacheza kabisa.

"Wazazi, haya maji msiwape watoto," nikatangaza. "Aliyeyaleta hakufanya kazi yake."

Mama mkwe akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniua.

"Baba Shiru," akasema polepole, "stima imepotea tangu asubuhi, pampu haijawashwa. Hayo ni yale yako ulituma na boda."

Mke wangu alijifunika uso na leso. Stima iliporudi, pasta mwenyewe akaomba tupime ya kisima, kwa kifaa changu, na yalikuwa safi.

Kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba usipime maji ambayo hujui yametoka wapi, na nimeapa sitaivunja tena. Kuhusu wivu sijaapa chochote, maana jioni ile Muriithi alinisindikiza hadi barabarani, akanishika bega, akasema, "Boss, pale kwetu natafuta msaidizi wangu. Nikuwekee jina?"

Nilitaka kumtukana. Badala yake nilimuuliza wanalipa ngapi.