Léocadie Hapigwi Picha na Ndoo

Wasafishaji wenzake wa ofisi za Croydon, kusini mwa London, walipomwona Léocadie Nabintu kwa mara ya kwanza akishuka basini alfajiri, walidhani anatoka harusini amepotea njia. Kichwani kilemba kimesimama, miguuni viatu vya kisigino, na katikati komple ya waksi: blauzi, kikwembe cha kujifunga, na cha pili kimekunjwa kiunoni. Alikuwa akiingia kwenye chumba cha ndoo na fagio, anavua vyote, anavitundika, anavaa ovaroli ya buluu ya kampuni. Kazi ikiisha anarudia komple yake, na ovaroli inabaki msumarini. Haikuwahi kupanda basi. Msimamizi wake, Chandrakant, mtu mpole wa Tooting aliyezaliwa Kisumu, alimwuliza siku moja kwa Kiswahili cha kwao kwa nini anajisumbua hivyo. Léocadie akamjibu kwamba kufagia ni kazi yake, si sura yake.

Vikwembe alivijua tangu zamani, maana kwao Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa akiviuza soko la Kadutu, na mteja akija kushika kitambaa kwa mikono michafu alimfukuza hata kama mfuko wake umejaa. Vita vya mwaka tisini na sita vilimchukulia mume na meza ya sokoni. Mwaka uliofuata aliingia London na binti mchanga mgongoni, Miradie. Watu wa serikali wakamweka mtaa wa Thornton Heath, wakamnyima ruhusa ya kufanya kazi, wakampa vocha za chakula badala ya pesa. Na vocha hizo alikwenda nazo dukani amevaa komple. Watu kwenye foleni walinong'ona, wengine hawakujali hata kunong'ona, kwamba huyu anayejiita mkimbizi mbona ananukia hivi. Walitaka mkimbizi akae kikimbizi. Léocadie alikuwa akiinua kidevu, anatoa vocha yake polepole, anaiweka mbele ya karani na kuinyoosha kwa kiganja.

Karatasi za kukaa nchini zilipokuja, alipata kazi ya usafi na nyumba ya halmashauri ghorofa ya pili. Mlango wa mbele yake alikuwa akikaa Mumbi, muuguzi kutoka Nyeri, na hapo ndipo ubishi ulipoanza ambao haujaisha mpaka leo. Mumbi alifika kwa ndege na vyeti vyake ndani ya bahasha, mkataba wa hospitali unamsubiri. Alivaa jaketi moja majira yote ya baridi, alichukua shifti za usiku mpaka macho yakawa mekundu, na kila senti ilikwenda Ruiru, ambako alikuwa anajenga fleti za kupangisha. Léocadie kwake kila Jumapili sufuria ilikuwa kubwa, watu wanaingia bila kubisha, na mshahara ukiisha umekwisha.

"Mama Miradie, hapo umevaa ploti nzima," Mumbi alikuwa akimwambia wakikutana ngazini, "na ukiketi utaikunja."

Léocadie naye humjibu kwamba afadhali ploti inayotembea kuliko nyumba ya wapangaji ambayo mwenyewe hajawahi kulala. Wanacheka, wanaazimana chumvi, kila mmoja anaingia kwake akiamini mwenzake amepotoka. Ubishi wao ulikuwa mtamu kwa sababu ulikuwa wao wawili.

Mwaka 2004 ubishi huo ukapata mwenyewe mwingine. Alikuja dada mmoja anaitwa Harjit, mtafiti wa shirika dogo la hisani la hapo mtaani. Shirika lilitaka kitabu kinacholinganisha jamii mbili: Wakenya na Wakongo. Nani ana kazi gani, nani amenunua nyumba, watoto wa nani wanafaulu, nani anajua Kiingereza. Harjit hakuwa mtu mbaya, na hilo niliseme mapema nisije nikamsingizia. Lakini jibu lilikuwa limeshapikwa kabla maswali hayajaulizwa. Wakenya walikuwa wamekwenda mbele, Wakongo wamebaki nyuma, na kila jamii ilihitaji uso mmoja na picha moja, kurasa mbili zinazotazamana. Hakuna swali hata moja lililouliza nani alifika na vyeti kwenye bahasha na nani alifika na mtoto mgongoni. Wanapima mbio bila kuuliza nani alianzia wapi, halafu wanaita hiyo elimu.

Tena ndani ya kitabu hicho kulikuwa na pesa. Nyuma ya kanisa la barabara kuu kulikuwa na ukumbi, na Wakongo walikuwa wakiutumia kwa bei ya huruma. Sasa kanisa lilitaka kodi kamili. Harjit alisema kama kitabu kitaonyesha wazi jinsi Wakongo walivyoachwa nyuma, kuna mfuko wa misaada ambao unaweza kuulipia ukumbi ule. Mwenyekiti wa jumuiya yao, Papa Fortunat, mlinzi wa supamaketi huko Stratford na zamani mwalimu wa Uvira, akakusanya watu. Wakamteua Léocadie awe uso wa Wakongo. Kiingereza anakimudu, na shida alizozipitia zinatosha kurasa kadhaa.

"Lakini mama," Papa Fortunat akasema, "uvale ovaroli ya kazi. Na ndoo. Siku moja tu."

Wanawake wote wakamgeukia Léocadie.

Asije mtu akadhani ukumbi ule ulikuwa wa ngoma. Kwa Wakongo wa Thornton Heath ukumbi ule ulikuwa mahali pa kulilia. Watu wao wanafia mbali, Bukavu, Goma, Uvira, na huku inafika simu tu. Hakuna maiti, hakuna kaburi, na kesho kazi iko palepale. Kaka yake Léocadie alipouawa, aliipokea habari hiyo kituo cha basi, akarudi nyumbani, akakuta hawezi kulia. Ukuta wa jirani uko pale, mtoto amelala pale. Jumuiya ikamchukua mpaka ukumbini, wakaketi naye siku tatu, chini, kwenye mikeka, wanaimba na kupika, na ndipo kilio kikamtoka. Aliamini kabisa kwamba siku zile tatu ndizo zilizomwacha na akili zake. Kwa hiyo Papa Fortunat alipomwomba, hakuwa anamwomba jambo dogo. Léocadie akakubali shingo upande.

Ijumaa akaitia ovaroli kwenye mfuko wa plastiki, ikapanda basi kwa mara ya kwanza. Alitaka kuipiga pasi. Picha ilikuwa ya umaskini, sawa, lakini hata umaskini wake hautakuwa na makunyanzi. Alikuwa jikoni Miradie alipoufungua ule mfuko. Mtoto wa miaka minane, na ovaroli ile hakuwahi kuiona maisha yake yote. Akauliza ni ya nani. Léocadie akamwambia ni ya kazini. Miradie akaivaa, ikamfika kwenye vidole vya miguu, akachukua ufagio, akainamisha mgongo, akainamisha na kichwa, akaanza kufagia sebule akijikokota. Halafu akasema kwa Kiingereza chake kwamba mama, tazama, mimi ni wewe.

Mtoto alikuwa anacheza tu. Lakini Léocadie alisimama pale na kijiko mkononi, na hasira ikampanda kutoka unyayoni. Hakumkasirikia mtoto. Alijikasirikia mwenyewe kwa kuileta nguo ile ndani ya nyumba ambako mtoto hakuwahi kumwona mama yake ameinama. Akamvua, akampa muhogo wake ale, ovaroli akairudisha mfukoni bila kuipiga pasi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mpiga picha alikuwa amefunga taa zake, Harjit na karatasi zake, Papa Fortunat na suti yake. Mumbi, aliyechaguliwa kuwa uso wa Wakenya, alikuwa ameshapigwa picha: yunifomu ya uuguzi, kitambulisho kifuani, tabasamu. Walikuwa wameweka ndoo na fimbo ya kupigia deki tayari kwenye kona. Ndipo Léocadie akaingia. Alikuwa amevaa waksi ya Uholanzi, ile ya kijani na dhahabu ambayo hata harusini huivaa kwa kuchagua, vipande vyote vitatu, kilemba, hereni, viatu vya dhahabu. Papa Fortunat akamjia juu pale pale, akamwuliza kama anataka kuwaangamiza. Harjit, kwa adabu, akaomba kama inawezekana abadili, ili wasomaji waelewe.

Léocadie alimgeukia Papa Fortunat na watu wake, akasema Kiswahili cha Bukavu ili asikosee neno.

"Papa Fortunat, miye niko mufagiaji, sikatai. Minafagia kila siku na banalipa. Lakini ile nguo sitaivala mbele ya picha juu batu banihurumie. Bakitaka kutupatia fasi ya kulilia batu betu, batupatie sisi benyewe, vile tuko. Kama banatafuta masikini, baende bamutafute. Humu ndani hayuko."

Harjit akauliza amesema nini. Mumbi akamtafsiria, neno kwa neno, hakupunguza kitu. Kisha akakivua kitambulisho chake kifuani. Aliyoyasema aliyasema kwa Kiingereza, halafu akayarudia ili mabibi wa Kongo nao wasikie.

"Harjit, hata hiyo picha yangu ufute. Umeandika niko na kazi, niko na ploti, niko sawa. Mamangu alipofariki niliambiwa kwa simu nikiwa wodini, na nikamaliza shifti. Watu wangu walituma pesa, Mungu awabariki, lakini kila mtu alikuwa kazini. Huyu ndiye aliingia kwangu na wanawake wake bila kuitwa, wakalala chini siku tatu. Sijui hata walipata wapi mikeka. Sasa niambie, kati yetu nani ameachwa nyuma, na hilo umeliandika wapi?"

Léocadie alikuwa hajawahi kumsikia Mumbi akizitaja siku zile. Zilipokwisha, Mumbi alirudi kazini, akarudisha masufuria yameoshwa, basi. Sasa alimtazama, akaona aibu ya kumtazama, akatazama sakafu. Harjit naye akakusanya karatasi zake taratibu na kusema kweli: kwamba fomu zake hazikuwa na mahali pa jibu hilo.

Nisiwadanganye kwamba mambo yaligeuka. Kitabu kilitoka. Upande wa Wakenya waliweka jengo la hospitali. Upande wa Wakongo waliweka ndoo na fimbo ya deki, zenyewe tu, hakuna mtu. Pesa za mfuko zilikwenda kwa wengine waliopigwa picha vizuri zaidi, na kanisa likaufunga ukumbi. Léocadie akala jeuri yake. Wanawake aliowapikia walihamia benchi jingine kanisani. Mmoja alimwambia usoni kwamba amewauza kwa kilemba. Papa Fortunat aliacha kabisa kumwamkia. Iliuma. Alikuwa akiosha vyombo jioni anajikuta ameshika sahani moja muda mrefu, anajiuliza kama ni heshima aliyoilinda au ni kiburi tu cha mwanamke wa Kadutu. Halafu anamwona Miradie amejinyoosha kwenye kochi na kitabu, mgongo wima, na anaendelea kuosha.

Majira ya baridi yalipoingia, simu ikaja kutoka Uvira. Mama yake Papa Fortunat amefariki. Walizunguka kutafuta ukumbi, kila mahali bei au siku, hakuna. Papa Fortunat alipanda ngazi za ghorofa ya pili moja kwa moja kutoka kazini, akabisha mlango ambao hakuwa ameukaribia tangu siku ya picha.

"Mama," akasema, na macho yako chini. "Siko na fasi ya kulilia mama yangu."

Léocadie alikuwa nayo maneno ya kumjibu, tena ya kuchagua, aliyaweka tangu ukumbi ulipofungwa. Akayaacha. Akamshika mkono, akamwingiza, na alipomsikia anasema nyumba ni ndogo na watu ni wengi, hawataenea, akamkata kauli.

"Bataenea."

Kochi lilitoka, meza ikatoka. Mumbi akafungua mlango wake wa mbele, naye kochi lake likatoka. Usiku haujaingia, watu walikuwa wamejaa nyumba mbili na ngazi kati yao, wameketi kila ngazi, wanawake wale wa benchi jingine wakiwa mbele na masufuria yao. Nyimbo zikaanza, kwa sauti ya chini kwanza, maana kila mmoja alijua kuta za jengo lile.

Ndipo akapanda jirani wa chini, bwana mmoja mrefu, akauliza kwa ukali nani amewapa ruhusa na nani mwenye dhamana hapa. Nyimbo zikakatika. Watu wakatazama viatu vyao, na Papa Fortunat, ndani, akaanza kujifuta uso haraka haraka. Léocadie akatoka mlangoni. Akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba mwenye dhamana ni yeye, kwamba wamefiwa na mama, kwamba akija kutoa pole kiti kipo, na akija kuwafukuza itabidi aanze na yeye. Hakuinua sauti, lakini mlangoni hakutoka.

Jirani alikuwa bado amesimama pale Papa Fortunat alipotoka ndani. Alipita katikati ya watu, akaketi kwenye ngazi karibu na miguu ya Léocadie, mbele ya yule bwana, na akamlilia mama yake kwa sauti yote.